Matundu

Mwaka ule tuligawa vyandarua mia tatu na sabini,
mimi na Ntakwinja, kwenye ngazi za kituo cha afya,
kila mama akichovya kidole gumba kwenye wino,
kila mama akiambiwa: tundika juu ya kitanda,
chomeka chini ya godoro, mbu asipate njia.
Vilikuwa vya buluu. Vilinuka dawa.
Nilirudi nyumbani miguu imevimba, moyo mweupe.

Msimu wa mvua haujaisha, nikavikuta ziwani.
Vimeungwa vitatu vitatu kwa uzi wa gunia,
vijana wawili wanavikokota ukingoni, nyuma ya Nguba,
maji kiunoni, wanacheka.
Kilichotoka humo sikukijua jina.
Si sambaza bado: ahadi ya sambaza,
sindano za kioo, kila moja na jicho
ambalo halijapata muda wa kuona kitu.

Tundu la kumzuia mbu
halimwachii mtu yeyote.

Nikaapa, peke yangu, bila shahidi,
mfuko wa makala kichwani:
tangu leo sili vidogo.

Jumamosi, Kadutu, kwa Cibalonza,
ninayenunua kwake tangu mimba ya kwanza,
nikasema nataka wakubwa tu, wale wa taa,
waliovuliwa usiku katikati ya ziwa.
Akanitazama kama mtu aliyeombwa kuchambua mchanga.
"Weye unachagula," akasema. "Miye nauzisha kile kinatoka.
Lakini uko mutu wangu. Ngoja."
Akainama, akaanza kwa kidole,
mkubwa huku, mdogo kule,
magamba yakimng'aa mpaka kwenye kiwiko.
Kopo langu likajaa. Nikalipa zaidi kidogo,
nikajiona mtu.

Nyuma yangu mama mmoja, mtoto mgongoni, mwingine mkononi,
akauliza bei ya rundo lililobaki.
Cibalonza akaipunguza, maana wakubwa wameshaondoka.
Yule mama akachukua makopo mawili badala ya moja.

Nilipanda kilima na hesabu hiyo.
Dhamiri yangu imeshusha bei ya wachanga.
Na watoto wake leo watashiba,
na mimi ndiye ninayewapima uzito kila Jumatano,
ninayetia nukta kwenye kadi, ninayesema:
mpe samaki, mama, hata wadogo,
wadogo wana mifupa laini, saga, tia kwenye uji.
Kwa mdomo huu huu.

Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa.
Upande wa pili hatukufundishwa:
kibaba kwa kibaba, ziwa nalo lina chini yake.

Ntakwinja ananicheka. "Usipomla wewe, atamla jirani,
asipomla jirani, atamla ndege.
Samaki mmoja hana habari na kiapo chako."
Kweli.
Lakini siku ile kwenye ngazi, Ntakwinja,
hatukuwaambia akina mama kwamba mbu mmoja si kitu.
Tuliwaambia mmoja anatosha.

Sijui kama hilo ni jibu.
Wiki iliyopita, matangani kwa kina Bisimwa,
nililetewa bugali na sahani ya vidogo vya kukaanga,
mwenye msiba amesimama, anangoja nile.
Nilikula.
Vilikuwa vitamu.

Usiku huu umeme umekatika, ziwa lote ni taa za wavuvi.
Nimezihesabu: kumi na tisa. Jana zilikuwa ishirini,
au nilihesabu vibaya, au mmoja amekosa mafuta.
Haiwezekani kuwa ni mimi.
Nageuka, nachomeka chandarua cha buluu
chini ya godoro la mwanangu,
nanyoosha kona, nabana kwa pini pale palipochanika.
Kiganja changu kinapita juu ya matundu.
Ni madogo sana.
Ndivyo tulivyotaka.